Migomba ya Upande wa Kushoto

Nilipokatwa titi sikulia. Nywele zilipoanguka nilicheka kidogo, maana kumbe nina kichwa chenye umbo zuri na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nakificha. Lakini waliponikatia migomba yangu ya upande wa kushoto nikiwa bado napumua, nililia kwa hasira mpaka nikatapika, na hasira hiyo haijaisha hadi leo. Naiandika kwa sababu najua kuna mama mahali fulani amelala chumbani sasa hivi, watu wa nyumbani kwake wako sebuleni wanampangia mambo kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemwambia kwamba ana ruhusa ya kukasirika.

Naitwa Kerubo. Nimeolewa karibu na Ekerenyo, huku Nyamira, na tunalima chai na ndizi. Nyumbani tunaongea Kigusii. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichosemezana kwenye benchi la hospitali kule Kisii mjini, ambako wa kushoto kwako anaweza kuwa Mjaluo na wa kulia Mkipsigis, na nyote mnangoja dawa ile ile. Mambo ya chembechembe na hatua za saratani sitayagusa, daktari wako atakueleza akipata nafasi. Mimi nalijua benchi.

Kwenye benchi hukai, unasogea. Wa mbele akiitwa, safu nzima inainua makalio na kuhamia kwa wa jirani, na ukienda chooni umepoteza nafasi. Saa nne unaambiwa daktari yuko kwenye mkutano. Saa saba unaambiwa mashine ya damu imekataa. Jioni unaambiwa dawa imeisha, rudi wiki ijayo, na anayekuambia hakuangalii usoni. Ukishaingia ndani sasa, daktari anamgeukia mume wako.

"Mgonjwa anakula?" alimuuliza Ondieki wangu siku ya kwanza.

"Anakula kidogo," Ondieki akajibu.

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Mdomo wangu ndio uliokuwa unakula au kukataa, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza mdomo wenyewe. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mgonjwa mzuri ni yule aliyenyamaza. Wewe usinyamaze. Sema, "Daktari, mimi ndiye mgonjwa, niulize mimi." Ataudhika kidogo, halafu atazoea.

Nilifanyiwa upasuaji wakati wa mvua kubwa. Titi la kulia liliondoka, na mkono wa kulia ukabaki umekufa nusu. Mkono huo ndio nilikuwa nikichumia chai tangu nikiwa msichana. Nilipojaribu kuuinua ulifika usawa wa bega ukagoma, na kwapani palivuta kama kamba ya ng'ombe iliyofupishwa. Binti wa mazoezi pale hospitalini akaniambia niwe nasimama mbele ya ukuta na kutembeza vidole kwenda juu, kila siku juu zaidi kidogo. Nikarudi kwenye benchi nikiwa na uchungu. Mtu mzima na akili zangu, nikasimame nikwaruze ukuta?

Mwanamke aliyekuwa kando yangu alikuwa ametandaza karatasi ya manila magotini na anachora kuku. Alikuwa mnene, amefunga kitambaa cha njano kichwani, na kila watu waliposogea alisogea na kuku wake bila kuinua kalamu. Huyo ndiye Ticha Bosibori, mwalimu wa chekechea kutoka Kiogoro. Alikuwa amenitangulia kwenye matibabu, na darasa lake lilimsubiri na chati za ukutani: K ya kuku, K ya kikombe.

"Mbona unachora hapa na unaumwa?" nilimuuliza.

"Watoto hawawezi kungoja mpaka damu yangu ipande," alisema. "Na wewe umenuna nini?"

Nikamweleza habari za vidole na ukuta. Akafungua mkoba, akapekua chini kabisa, akanitolea kipande cha chaki.

"Usikwaruze ukuta bure kama paka. Chora kitu. Ukitaka kichwa cha hicho kitu, lazima mkono upande."

"Ticha, mimi sijachora tangu darasa la tatu."

"Basi utaendelea pale ulipoachia."

Ndivyo nilivyoanza kuchora, nikiwa mama mwenye binti mtu mzima, Kwamboka, anayefanya kazi Nakuru. Nilianzia kwenye ukuta wa jiko la nje, ule wa udongo uliopigwa moshi mpaka ukawa mweusi, ambao chaki inakaa vizuri. Bosibori aliniagiza nichore kikombe. Kikombe changu cha kwanza kilifanana na sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Nilikifuta kwa kiganja, na kule kufuta nako kuliuma, nikachora tena. Baada ya siku nyingi za kikombe nilichora mchai, halafu jogoo, na miguu ya jogoo ilinishinda kabisa. Lakini mkono ulipanda. Ulipofika kwenye kilemba cha jogoo nilijua umepita bega, nikaita Ondieki aje aone. Alikuja, akaangalia ukuta, akasema, "Kuku mzuri," akarudi kwenye chai.

Ondieki si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonichanganya. Kemo, zile dawa kali za saratani za mshipani, zilipoanza, harufu ya majani mabichi ya chai kwenye nguo zake ilinifanya nitapike kabla hajafika mlangoni. Akawa anavua shati na suruali kule nyuma ya jiko, anaoga kwa maji baridi, ndipo anaingia ndani. Alifanya hivyo jioni zote, hata kukiwa na mvua. Ninapomkasirikia namkumbuka akitetemeka na taulo kiunoni, halafu naendelea kukasirika.

Kemo yenyewe sitakupambia. Ya kwanza niliona ni afadhali kuliko nilivyotishwa. Ya pili ikang'oa nywele na kuufanya ulimi uwe kama umelamba msumari. Kufikia ya tatu kucha zilikuwa nyeusi kama za mtu aliyemenya ndizi mbichi siku nzima, na nyayo ziliwaka moto hata kwenye sakafu ya baridi. Mishipa ilijificha. Kulikuwa na muuguzi mmoja ambaye hakukuchoma ovyo. Alikuwekea chupa ya maji ya moto mkononi, akakuacha nayo huku akihudumia wengine, kisha akarudi na mshipa ukawa umejitokeza wenyewe. Mwombe muuguzi wako chupa ya maji ya moto. Mimi nilikaa kemo mbili nzima nikichomwachomwa kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba inaombwa.

Nguvu za kufika jikoni zilipoisha, uchoraji ukahamia kitandani. Kwa sababu ya kidonda cha kulia nililalia ubavu wa kushoto, na mbele yangu palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha migomba yangu. Niliipanda mwenyewe mwaka nilipoolewa. Mmoja mnene ulisimama kando ya tangi la maji. Miwili iliegemeana kama walevi wanaosindikizana. Na karibu na ua kulikuwa na mwembamba mmoja mwenye machipukizi mengi miguuni. Karatasi sikuwa nayo, lakini nyumba gani huku haina kalenda? Tulikuwa na za duka la dawa za mifugo, za kanisa, za mwanasiasa aliyeshindwa. Niligeuza za miaka iliyopita nikachora nyuma yake kwa penseli.

Nilimpelekea Bosibori mgomba wangu wa kwanza nikiwa na kiburi. Aliushika mbali, mkono umenyooka, akauangalia.

"Huu ni mgomba wa chati," alisema. "Mimi ndiye huwa nachora ya chati, naijua. Majani yote mazima, yote yanalingana. Kwako mvua ya mawe hainyeshi?"

Nilirudi nyumbani nimeudhika, nikalala, nikaangalia. Majani yalikuwa yamechanika. Karibu kila jani lilikuwa matambara, mengine yamekunjika na kukauka yakining'inia kwenye shina kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Niliishi na migomba hiyo miaka yote, nikakata majani yake nikafunikia vyungu, nikafungia ndizi za kuivisha, na sikuwahi kuona kwamba hakuna jani zima. Nikafuta, nikaanza na matambara.

Rangi nazo Bosibori alinipa, masalio ya darasani kwake, vichupa ambavyo vifuniko vyake vilifunguka kwa meno. Kijani cha kwenye chupa ni cha uongo. Ni kijani cha sare ya shule, hakuna mgomba duniani wenye rangi hiyo. Alinifundisha kukivunja, yaani kukipunguza ukali, kwa njano, kisha kidogo sana cha nyekundu, na mimi mwenyewe nikagundua kwamba majivu yanakipoza. Kuna siku nilichanganya tangu asubuhi, nikaweka tone kwenye karatasi nikalishika mbele ya dirisha, na likapotea kwenye jani. Siku hiyo nilikuwa na vidonda mdomoni vya kunizuia kumeza mate, na nakuapia sikuvikumbuka mpaka giza lilipoingia.

Kina mama wa kanisa walipokuja kuniona walikuta kalenda zimetandazwa kitandani na mimi nina rangi puani. Mmoja wao alimvuta Ondieki kando, si mbali sana.

"Kumbe imefika mpaka kichwani?" aliuliza.

"Anajiliwaza tu," Ondieki alisema. "Alikuwa mtu wa kazi sana."

Alikuwa. Nilimsikia. Walipiga magoti wakaomba kwamba Nyasae, Mungu wetu, anirudishie akili yangu, na mmoja aliweka mkono juu ya kichupa cha rangi ya njano akakiombea pia. Nilisema amina kwa sababu nilitaka waende. Mwanaume akistaafu akaanza kufuga nyuki watu wanamsifu, lakini mwanamke mgonjwa akishika burashi ameshachanganyikiwa.

Halafu ikaja Julai na baridi yake, na homa. Kemo ilikuwa imemaliza kinga yangu ya damu, nikawekwa wodini. Ondieki alikaa kando ya kitanda. Siku kadhaa sizikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba nilitaka dirisha langu, na wodi ile ilikuwa na dirisha la juu linaloonyesha bati.

Niliporudi nyumbani sikuweza kutembea. Ondieki na kaka yake mkubwa, Ombati, walinibeba kwenye kiti kutoka barabarani. Ombati ndiye mkubwa wa boma tangu baba yao afe, mtu wa kupanga mambo, ambaye kwenye msiba wowote hujua viti viko wapi na nani hajafika. Alinibeba kwa upole, nakiri. "Polepole, shemeji, karibu tunafika." Wakaniingiza chumbani, wakanilaza ubavu wangu wa kushoto.

Chumba kilikuwa na mwanga mwingi mno. Nilifikiri ni homa. Kisha macho yakazoea, nikaona ua wa jirani, ambao sijawahi kuuona kutoka kitandani kwangu. Kati ya dirisha na ua ule palikuwa na udongo mwekundu, umesawazishwa na kupigwa reki, hakuna hata kisiki.

"Migomba iko wapi?" niliuliza.

Ondieki aliangalia viatu vyake.

"Tumesafisha boma kidogo," Ombati alisema. "Kwa ajili ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wageni tu, shemeji. Watu wa kukuona."

"Watu wa kuniona hupitia mlango wa mbele. Huko kushoto wanafuata nini?"

Mgusii yeyote anayesoma hapa ameshaelewa, na wewe usiye wa huku nikueleze: kwetu mke huzikwa kwenye boma la mumewe, upande wa kushoto wa nyumba. Migomba yangu ilikuwa imesimama kaburini kwangu. Walikuwa wameondoa migomba ili pawe tayari.

"Ombati," nilimwambia, na sikuwahi kumwita kwa jina, "umenipimia?"

"Usiseme hivyo. Mzee wetu alipokufa, tulikata migomba maiti ikiwa njiani. Mvua inanyesha, mizizi inazuia majembe, watu wanateleza mbele ya wakwe. Aibu ile sikuisahau. Nilisema haitatokea tena kwenye boma hili. Nilitaka tu wakati ukifika usije ukapata aibu."

"Mimi ndiye nisipate aibu?"

"Boma lisipate," alisema. Alisema kwa ukweli kabisa, kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

Nikamgeukia mume wangu. "Wewe ulijua?"

"Alinipigia simu nikiwa na wewe hospitalini. Nilikuwa nimechanganyikiwa, Mama Kwamboka. Nikamwambia afanye anavyoona."

Kwa hiyo alikuwa amekaa kando ya kitanda changu. Labda mkono mmoja ulikuwa umeshika wangu na wa pili umeshika simu. Hapo ndipo nilipolia ile hasira niliyokuambia, nikatapikia shuka, na nikawafukuza wote wawili, mwenye boma na mkubwa wa boma.

Nitakuambia jambo ambalo linaweza kukukuta, ulijue kabla. Niliamua kuacha. Kemo zilikuwa zimebaki, na nilisema siendi. Watu wako wakishaona mahali pako pa kulala, miguu inakuwa mizito kwenda kutafuta dawa. Nililalia mgongo ili nisione dirisha. Uji wa wimbi ulipoa kwenye kikombe, asubuhi na jioni. Kalenda nilizisukuma chini ya kitanda. Kwamboka alilia kwenye simu kutoka Nakuru.

Ondieki ndiye aliyempigia Ticha Bosibori. Namba aliichukua kwenye simu yangu bila kuniuliza, na hilo nimemsamehe. Akaniletea simu imeshaunganishwa, akaniwekea sikioni akatoka.

"Nimesikia huendi," Bosibori alisema.

"Siendi."

"Kwa hiyo umeamua kumsaidia huyo shemeji kazi. Yeye amefyeka, wewe utajaza."

Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

"Nakuuliza, Kerubo. Mtu amekukosea hivyo, na wewe unataka aonekane alikuwa sahihi? Awaambie watu, mliona, nilijua mapema?"

Hilo lilinichoma. Nilimwona Ombati akilisema, na uso wake wa kupanga viti.

"Picha za hiyo migomba unazo?" aliuliza.

"Ziko chini ya kitanda."

"Zitoe, panya wasizile. Na Jumatatu nakungoja kwenye benchi. Nitakushikia nafasi, usinichelewe."

Nilienda. Ondieki alinishika mkono kwenda barabarani, nikamwambia, "Naenda, lakini usifikiri naenda kwa ajili yako." Akasema sawa. Kwenye benchi Bosibori alikuwa ameweka mkoba wake wote pale pangu na amegombana na watu wawili kwa sababu yake.

Kemo zilizobaki nilizimaliza nikiwa na hasira, na nakwambia hasira inabeba mtu. Kati ya moja na nyingine nilichora ule uwanja mtupu nje ya dirisha langu. Ni kazi ngumu kuchora mahali pasipo na kitu. Rangi ya udongo haikunisumbua, nilimtuma Ondieki akauchote wenyewe, nikaupepeta, nikauchanganya na maji na gundi kidogo. Alisimama mlangoni akaniangalia nikiupaka kwenye karatasi. "Mama Kwamboka, nisamehe," alisema. Nikamwambia aniletee maji safi ya burashi. Aliyaleta, na kesho yake akayaleta bila kuambiwa.

Baadaye ilikuja mionzi, mbali na nyumbani, na mabenchi mengine. Ngozi ya kifua iliungua ikawa rangi ya ndizi iliyolala chini. Mvua za vuli zilinyesha nikiwa huko. Nilirudi nikitembea kwa miguu yangu, nikachuma chai siku ya kwanza kwa mkono mmoja, halafu kwa miwili. Daktari aliponiambia kwamba hawaoni kitu tena, alimwangalia Ondieki. Ondieki akasema, "Mwambie yeye." Nilisikia.

Kina mama wa kanisa walitaka ibada ya shukrani nyumbani. Nilikubali, ila nikachagua Jumapili. Walishangaa. Niliwaambia Jumamosi ni Sabato yetu, hatufanyi kazi, na mimi siku hiyo nitakuwa na kazi.

Watu walijaa. Bosibori alikuja kutoka Kiogoro, nywele zimeota kama za mtoto mchanga. Tulikula, tukaimba, na Ombati akasimama kuzungumza kwa niaba ya boma. Alisema Mungu ni mwema, alisema familia ilisimama imara pamoja na shemeji yao tangu mwanzo. Tangu mwanzo! Nilisubiri amalize. Kisha nikasimama na kalenda zangu mkononi.

"Nimesikia shukrani," nilisema. "Zangu nitazipokea kwa jembe. Shemeji, migomba yangu ilikuwa upande wa kushoto, na wewe ndiye uliyeing'oa. Machipukizi nimeshatafuta, yako nyuma ya jiko. Nataka uyapande leo, kila moja mahali pake."

Waliojua waliangalia chini, na wasiojua waliambiwa na majirani zao kwa mnong'ono.

"Shemeji, hilo tutaliongea," Ombati alisema.

"Tunaliongea sasa."

"Siwezi kuchimba shimo upande ule, mbele ya watu, na wewe uko hapa mzima. Watu wataonaje? Shimo likichimbwa pale haliachwi tupu, lazima kitu kiingie."

"Kitaingia," nilisema. "Mgomba."

Ondieki alisimama. Sijawahi kumwona akisimama kaka yake akiwa anaongea. "Nitachimba mimi," alisema.

"Hapana, Baba Kwamboka. Wewe utashika picha."

Tulitoka nje, watu wote nyuma yetu. Ombati alivua koti la suti, akatafuta wa kumpa, Bosibori akalipokea kwa heshima zote. Ondieki alisimama kwenye dirisha akiwa ameinua kalenda kifuani, upande wa migomba ukiwa mbele, na mimi nikaonyesha. Hapa, kando ya tangi. Hapana, sogea, angalia picha, kivuli chake kinagusa mfuniko. Hii miwili karibu zaidi, inaegemeana. Ombati alichimba. Udongo alioupiga reki mwenyewe ulikuwa umekuwa mgumu, na jasho lilimtoka.

Alipoinama kwenye shimo la mwisho niliomba kiti, nikakaa, nikafungua karatasi niliyokuwa nimeibeba tayari.

"Nimemaliza," alisema, akaanza kuinuka.

"Mimi bado. Kaa hivyo hivyo, shemeji. Nakuchora."

"Mgongo unauma, Mama Kwamboka," Ombati alisema.

"Polepole," nilimwambia. "Karibu tunafika."

Bosibori alikohoa ndani ya lile koti. Mimi nilichora bila haraka, mgongo, jembe, shimo, na nyuma yake mume wangu ameshika migomba mikononi. Miguu ya jogoo hunishinda mpaka leo, lakini mgongo wa Ombati nilioupata siku ile sijawahi kupata kitu vizuri kama hicho.

Picha hiyo iko sebuleni, mkabala na kiti cha wageni. Wanaokuja huuliza yule ni nani na anachimba nini, nami nawaeleza mwanzo mpaka mwisho. Ombati akija huchagua kiti kingine. Ondieki sijamsamehe yote, namsamehe kwa vipande, na ameanza kunichanganyia kijani kwenye kigae huku akiniuliza kama ni chenyewe. Bado naenda kupimwa kila baada ya muda, kwenye benchi lile lile. Sikudanganyi kwamba hofu imeondoka.

Mgomba wa kando ya tangi umekuwa wa kwanza kuzaa. Mkungu ulipokomaa, kina mama wa kanisa walinishauri niukate nimpelekee Ombati, ili kuwe na amani kwenye boma. Niliwaambia ni wazo zuri. Nikaukata, nikauweka mezani dirishani, nikauchora kwa rangi nilizozivunja vizuri, ndizi moja moja na utomvu wake. Kisha nikaupika na kuula mimi na Ondieki na Bosibori, mpaka tukashindwa kuinuka. Ombati nilimpelekea picha.